Makala ya kisayansi «yamehakikiwa»: maana yake nini, na uhakiki huo umepimwa namna gani?

Mwezi wa tano 2020, wakati makanisa yetu yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, nilituma ujumbe wa sauti katika kikundi cha WhatsApp cha parokia. Nilisema jarida kubwa la madaktari limechapisha utafiti: hidroksiklorokwini inaongeza vifo vya wagonjwa wa korona, kwa hiyo watu waache kuitafuta. Niliongeza kwamba utafiti huo umehakikiwa na wataalamu. Hazikupita juma mbili, jarida lenyewe likatangaza kwamba makala ile imeondolewa.

Mama mmoja wa kikundi cha wamama akaniandikia: «Pasta, ulituambia wamehakiki. Walihakiki nini?»

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitumia neno «kuhakikiwa» kama muhuri wa serikali, bila kujua muhuri huo unapigwa namna gani. Tangu siku ile nimesoma juu ya jambo hili. Ninaandika kwa ajili ya wote wanaopokea habari za dawa, chanjo na magonjwa, hasa wale wanaoulizwa na wengine kama habari hizo ni za kweli.

Uhakiki unafanyika namna gani

Mtafiti akimaliza kazi yake anaandika makala na kuituma kwa jarida. Mhariri anaisoma kwanza. Katika majarida makubwa, makala nyingi zinarudishwa hapo hapo. Zile zinazobaki anazipeleka kwa watu wawili au watatu wanaoijua fani hiyo. Hao ndio wahakiki. Kwa kawaida hawalipwi, na mara nyingi mwandishi hajui majina yao. Wanasoma, wanaandika maoni, na kushauri: ikubaliwe, irekebishwe, au ikataliwe. Uamuzi wa mwisho ni wa mhariri.

Wale waliopita universite kwetu wanaweza kumkumbuka mwalimu msomaji wa memware, yule anayepewa kazi ya mwanafunzi ili aisome kabla ya siku ya kuitetea. Anasoma kurasa zilizo mbele yake na kuuliza maswali. Hasafiri mpaka kijijini kuona kama mwanafunzi alizungumza kweli na watu mia moja anaosema alizungumza nao. Mhakiki wa jarida ni vile vile. Kwa kawaida hawaoni wagonjwa, haingii maabara, na mara nyingi hapewi hata orodha kamili ya takwimu.

Desturi changa kuliko tunavyodhani

Jarida la Philosophical Transactions lilianzishwa London mwaka 1665 na Henry Oldenburg, naye ndiye aliyechagua cha kuchapisha. Mwaka 1752 chama cha wanasayansi cha Royal Society kililichukua jarida hilo chini ya mamlaka yake na kuweka kamati ya kuamua juu ya makala. Ripoti za wahakiki za kuandikwa zilianza katika karne ya 19. Lakini kwa muda mrefu kila jarida lilifanya lilivyotaka. Jarida maarufu la Nature lilifanya uhakiki wa nje kuwa sharti kwa kila makala ya utafiti mwaka 1973 tu.

Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na Nathan Rosen, alituma kwa jarida la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri aliipeleka kwa mhakiki, naye akaona kosa. Einstein alikasirika kwamba kazi yake imeonyeshwa kwa mtu mwingine kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Lakini ilipotoka katika jarida lingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limebadilishwa. Mhakiki ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa hiyo uhakiki unaweza kumsaidia hata mtu mwenye akili kubwa sana. Swali ni hili: unasaidia mara ngapi, na kwa kiasi gani?

Ajabu ni kwamba watu ambao kazi yao ni kupima vitu walichelewa sana kupima chombo chao wenyewe. Majaribio yalianza kuongezeka katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 ulifanyika Chicago mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya utafiti wa uhakiki. Tangu hapo yamefanyika majaribio ya aina nne ambayo ni vizuri kuyafahamu.

Jaribio la kwanza: makosa yaliyopandwa

Njia rahisi ya kumpima mlinzi ni kupitisha mbele yake kitu anachopaswa kukikamata. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichukua makala moja na kuingiza ndani yake kasoro 8 kwa makusudi. Wahakiki 221 waliisoma na kurudisha maoni. Kwa wastani kila mmoja aliona kasoro 2.

Mwaka huo huo jarida la Marekani la madaktari wa dharura lilichapisha matokeo ya jaribio linalofanana. Lilikuwa limetunga makala ya uongo yenye makosa makubwa 10 na madogo 13. Kati ya wahakiki 203, asilimia 68 hawakutambua kwamba hitimisho la makala halikutokana na matokeo yake. Ni kama mtu anayesoma ripoti ya mweka hazina isemayo mwanzoni kwamba kanisa lina deni, na mwishoni kwamba lina akiba, naye asishtuke.

Baadaye BMJ lilirudia kazi hiyo kwa ukubwa zaidi, na wahakiki 607. Makala zilikuwa na makosa makubwa 9 kila moja. Wastani wa yaliyoonekana ulikuwa kati ya mawili na nusu na matatu. Baadhi ya wahakiki walipewa mafunzo mafupi ili kuona kama wataongeza umakini. Mafunzo yalisaidia kidogo tu.

Yaani mhakiki mmoja anakamata karibu kosa moja katika kila makosa matatu au manne. Wahakiki wawili au watatu wanaongeza nafasi ya kuyaona, lakini ikiwa wote wanaona yale yale yaliyo wazi, yaliyofichika yanapita.

Jaribio la pili: je, wahakiki wanakubaliana?

Mizani nzuri inatoa uzito ule ule ukipima mfuko ule ule mara mbili. Ndiyo sababu watafiti wanapima pia upatano kati ya wahakiki. Wanatumia kipimo kinachoitwa kapa: 1 maana yake wanakubaliana kabisa, 0 maana yake wanakubaliana kwa bahati tu, kama kurusha sarafu. Mwaka 2010 watafiti watatu walikusanya tafiti 48 za namna hii. Wastani wa kapa ulikuwa 0,17. Hiyo iko karibu zaidi na sarafu kuliko na upatano.

Mwaka 2014 waandaaji wa mkutano mkubwa wa sayansi ya kompyuta uitwao NIPS walifanya jaribio la ujasiri. Makala 166 zilipelekwa kwa kamati mbili tofauti, bila kamati moja kujua uamuzi wa nyingine. Zilitofautiana juu ya makala 43. Ukisikia hivyo unaweza kusema ni robo tu. Lakini kwa kuwa makala nyingi zinakataliwa na kila kamati, hesabu ya kweli iko kwa zile zilizokubaliwa: zaidi ya nusu ya makala zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Jaribio hilo lilirudiwa mwaka 2021, na matokeo yakafanana.

Hata hivyo tusihukumu haraka. Kutokubaliana si ubaya kila mara. Mhariri anaweza kumchagua mhakiki mmoja anayejua takwimu na mwingine anayejua ugonjwa, ili kila mmoja aone upande wake. Shida inakuja pale ambapo hatima ya makala inategemea zaidi ni nani aliyepewa kuisoma kuliko yaliyoandikwa ndani yake.

Jaribio la tatu: wanatazama kazi au jina?

Watafiti wawili wa Marekani, Douglas Peters na Stephen Ceci, walichapisha mwaka 1982 jaribio lililozua mabishano makubwa. Walichukua makala 12 za saikolojia zilizokwisha kutoka katika majarida ya heshima, zilizoandikwa na watu wa vyuo vyenye sifa. Walibadilisha majina ya waandishi na ya vyuo, wakaweka majina ya kubuni, kisha wakazituma tena kwa majarida yale yale yaliyozichapisha. Tatu zilitambuliwa. Katika 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa. Na sababu iliyotolewa mara nyingi haikuwa kwamba jambo hilo limekwisha kusemwa. Walisema utafiti una kasoro kubwa katika njia zake.

Jaribio hilo lilikuwa dogo, na wengine walililaumu kwa kuwadanganya wahariri. Lakini mwaka 2022 kundi lingine lilifanya kazi pana zaidi. Makala moja ya uchumi iliandikwa na watu wawili: Vernon Smith, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2002, na mtafiti kijana asiyejulikana. Wahakiki wengine walionyeshwa jina la mzee tu, wengine jina la kijana tu, wengine hawakuonyeshwa jina lolote. Palipokuwa na jina la kijana, asilimia 65 ya wahakiki walishauri makala ikataliwe. Pasipokuwa na jina, asilimia 48. Palipokuwa na jina la mwenye Nobel, asilimia 23. Maneno ndani ya makala yalikuwa yale yale.

Mtafiti kijana wa Bukavu au Bunia anaelewa uzito wa hesabu hizi bila kufafanuliwa.

Jaribio la nne: makala ya uongo mtupu

Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotunga utafiti wa bandia juu ya dawa ya kansa, wenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona. Alimbuni mwandishi mwenye jina la Kiafrika, wa taasisi ambayo haipo, mjini Asmara. Kati ya majarida 304 ya bure kwa msomaji aliyoyatumia, 157 yalikubali, na 98 yalikataa. Mengi ya majarida ya aina hiyo yanamtoza mwandishi pesa makala ikikubaliwa, kwa hiyo yako yanayokubali chochote ili yalipwe. Bohannon hakuyajaribu majarida yanayouzwa kwa msomaji, kwa hiyo matokeo yake hayaonyeshi kwamba haya ni bora.

Tatizo hilo limekua. Mwaka 2023 makala za utafiti zaidi ya 10 000 ziliondolewa na majarida duniani, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika mwaka mmoja. Zaidi ya 8 000 kati yake zilitoka katika majarida ya mchapishaji mmoja, Hindawi. Nyingi zilikuwa zimepita mlango wa uhakiki.

Basi uhakiki ni bure?

Hapana. Mwaka 1994 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha jaribio juu ya makala 111. Wataalamu 44 walilinganisha makala kabla na baada ya uhakiki na uhariri, bila kuambiwa ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Walitumia vipengele 34. Katika vipengele 33 makala zilikuwa zimeboreka, hasa katika kueleza mipaka ya utafiti na kutodai kupita kiasi. Hilo ni jambo kubwa. Mwandishi aliyeandika «dawa hii inaponya» anarudishwa aandike «dawa hii imeonyesha dalili za kusaidia».

Mwaka 2015 kundi moja lilifuatilia makala 1 008 zilizotumwa kwa majarida matatu makubwa ya tiba. Kwa ujumla zile zilizopewa alama nzuri na wahakiki ndizo zilizokuja kutumiwa zaidi na wanasayansi wengine. Kwa hiyo wahakiki wanaona kitu. Lakini makala 14 zilizotumiwa kuliko zote zilikuwa zimekataliwa na majarida hayo matatu. Mlango huo unazuia mengi mabaya, na mara nyingine unazuia yaliyo bora kabisa.

Shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, lilipitia mwaka 2007 tafiti 28 juu ya jambo hili. Hitimisho lake lilikuwa la kiasi: ushahidi kwamba uhakiki unahakikisha ubora ni mdogo, lakini kukosa ushahidi si sawa na kuthibitisha kwamba haufai kitu.

Turudi kwa swali la yule mama

Makala ile ya hidroksiklorokwini ilitoka katika The Lancet tarehe 22 mwezi wa tano 2020. Ilisema imetumia takwimu za wagonjwa zaidi ya 96 000 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Takwimu zote zilitoka kwa kampuni moja, Surgisphere. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo.

Waliolikamata kosa walikuwa wanasayansi waliosoma makala baada ya kuchapishwa. Katika barua ya wazi waliuliza mambo ambayo hata muuguzi wa kituo chetu cha afya angeuliza. Kwa mfano, ikiwa hesabu zile ni za kweli, basi karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa Afrika, na asilimia 40 ya waliokufa, walikuwa katika hospitali za kampuni hiyo zenye kompyuta za kurekodi kila kitu. Hospitali hizo ziko wapi? Kampuni ilikataa kuzikabidhi takwimu zake zote kwa wakaguzi wa nje. Waandishi watatu kati ya wanne wakaomba makala iondolewe, nayo ikaondolewa tarehe 4 mwezi wa sita.

Basi walihakiki nini? Walihakiki maandishi. Hawakuwahakiki wagonjwa. Tumezoea kusema neno linathibitishwa na mashahidi wawili au watatu, lakini shahidi ni yule aliyeona. Mhakiki hakuona. Alisoma maelezo ya mtu anayesema ameona.

Tena kuna hatua ya pili ambayo wengi waliikosa. Baadhi ya ndugu walisema: «Makala imefutwa, kwa hiyo dawa inaponya.» Hapana. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY, la wagonjwa karibu 4 700 waliogawanywa kwa kura, lilionyesha kwamba dawa hiyo haikupunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliolazwa hospitali. Ushahidi mbaya ukiondolewa, swali linabaki wazi mpaka uje ushahidi mzuri.

Na ushahidi mzuri unafananaje? Sisi wa mashariki tuliuona kwetu. Mwaka 2018 na 2019, Ebola ikiwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika jaribio lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Wagonjwa waligawiwa dawa kwa kura, ili asiwepo mtu wa kuchagua nani apate ipi. Kamati huru ilikuwa ikizitazama takwimu zenyewe kazi ikiendelea. Mwezi wa nane 2019 iliona kwamba dawa mbili zinaokoa wengi zaidi, ikashauri nyingine mbili ziachwe mara moja. Jarida lilichapisha makala baada ya uhakiki mwezi wa kumi na moja: vifo vilikuwa karibu nusu kwa waliopewa dawa mbili zilizoachwa, na karibu theluthi moja kwa waliopewa zile mbili bora. Nguvu ya matokeo yale haikutegemea muhuri wa jarida peke yake. Kura, kamati iliyoona hesabu, na idadi ya wagonjwa vilikuwa vimetangulia.

Maswali manne kabla ya kuituma habari

Habari ikikufikia na maneno «utafiti umehakikiwa», uliza hivi:

1. Ni utafiti mmoja, au wengine wamepata jambo lile lile mahali pengine?
2. Wagonjwa walikuwa wangapi, na waligawanywa kwa kura au walichaguliwa?
3. Kuna mtu wa nje aliyeziona takwimu zenyewe, au wote wameamini maelezo ya mwandishi?
4. Makala bado ipo, au imekwisha kuondolewa na jarida?

Ukishindwa kuyajibu, mpigie daktari au muuguzi unayemwamini kabla ya kuituma habari kwa watu mia mbili. Na ukikosea, sahihisha kwa sauti ile ile uliyotangazia.

Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Nilipotuma ujumbe wa pili katika kikundi cha parokia, nilieleza kwamba makala imeondolewa, kwamba kuondolewa kwake hakumaanishi dawa inaponya, na kwamba nilitangaza bila kuuliza. Yule mama alijibu kwa maneno machache: «Aksanti Pasta. Sasa tutaendelea kukuuliza.»